Kompyuta kwenye Zulia la Wageni

Mama alikuwa mshonaji. Alichoka kuchora mitindo ya nguo kwenye magazeti ya zamani. Binti yake akamwambia, "Nitakuundia kompyuta mimi mwenyewe, hapahapa nyumbani." Mama alifurahi mno, akawatangazia wateja wote. Hapo ikawa hakuna kurudi nyuma.

Siku ya kuiunda, mama alitandika zulia la wageni.

"Vitu vizuri vikae pazuri, mwanangu."

Binti aliketi zuliani na sweta lake la sufu. Alivitoa vipande vyote vya kompyuta kwenye vifuko vyake, na mama akavipangusa kwa kitambaa cha nailoni. Binti aliposhika kadi ya kumbukumbu, kijibao chembamba chenye meno ya dhahabu, kidole kilimchoma kidogo. Alicheka tu.

Walipowasha, feni ilizunguka, lakini kioo cha kompyuta kilibaki cheusi.

Wakamwita jirani yao, fundi wa redio. Mtaa mzima unamwita Mama Waya. Alilitazama zulia, akalitazama sweta, akaguna.

"Jirani, ukikata nailoni, haikugandi mwilini?"

"Huniganda mpaka naona haya," mama alijibu.

"Huo ni umeme tuli. Unatokana na vitu kusuguana. Wewe haukudhuru, lakini cheche ndogo tu huweza kuunguza kadi ya kumbukumbu kama hii."

"Kwa hiyo nimeua kompyuta ya mama?" binti aliuliza.

Mama Waya alikwenda kwake, akarudi na kadi ya kompyuta yake mwenyewe, ikiwa ndani ya mfuko wake maalumu.

"Iweke wewe."

"Na nikiiunguza?"

"Huiunguzi. Vua sweta. Chomoa waya ukutani. Kasha la kompyuta likae juu ya meza, kwenye mbao tupu. Gusa chuma chake kwanza, umeme ukutoke. Kadi itoke mfukoni wakati wa kuiweka tu, na uishike pembeni, usiguse meno."

Kisha akamvisha mkononi mkanda aliokuja nao, wenye waya unaobanwa kwenye chuma cha kasha, ili umeme tuli uendelee kumtoka.

Mama alisogea na kitambaa chake.

"Mama, hapana," binti alisema. Mama akakificha mgongoni.

Binti aliichomeka kadi taratibu. Waliporudisha waya na kuwasha, kioo kiling'aa.

"Ni ile kadi tu iliyokufa," Mama Waya alisema. "Vingine vyote umeviunga barabara."

Walinunua kadi mpya, na binti akaiweka vilevile. Wiki ileile mteja aliuona mchoro wa gauni lake kwenye kioo.

"Kompyuta hii kawaundia fundi gani?"

Mama aliacha kushona. Kifua kilimjaa fahari, wala hakuificha. Alimwonyesha binti yake kwa ncha ya mkasi.

"Fundi ndiye huyo. Msalimie."