Masahihisho ya Wino Mwekundu

Asubuhi ile kulikuwa na chengachenga za ufutio mezani. Bibi Sawa alizipangusa kwa kiganja kama makombo ya mkate, akawasha kompyuta. Angetulia kidogo angejiuliza: ufutio gani? Kazi za wateja alizichora kwenye kompyuta, na kompyuta haimwagi chengachenga. Penseli na ufutio vilikuwa vya daftari lake mwenyewe, na daftari hilo hakuwa amelifungua kwa miezi minane.

Jina la Bibi Sawa alipewa na dada yake, fundi cherehani, waliyekaa naye nyumba moja, ukuta kwa ukuta. Mteja akisema tembo apunguze tabasamu, jibu ni "Sawa, nimepokea." Akirudi kusema sasa tembo amenuna, arudishiwe tabasamu lake, "Sawa, nimepokea." Miaka kumi na mmoja ya kuchora vitabu vya watoto na makasha ya sabuni, neno hapana hakuwahi kulitamka. Dada alidai hata mwizi akiingia ndani, mdogo wake atamuuliza kama gunia linamtosha.

"Na ile saa yako?" dada aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta, cherehani ikinguruma. "Si uliapa, saa nzima kila asubuhi, unachora vyako?"

"Kesho, dada."

"Kesho yako sasa ina wajukuu."

Akacheka mwenyewe. Dada alicheka kwa mdomo wote, kichwa nyuma, pengo la jino wazi, kicheko cha kumwamsha jirani na jirani wa jirani. Kwenye picha za simu tu ndipo alipofunika mdomo kwa kiganja. Pengo lake, alisema, si la kila mpita njia.

Bibi Sawa alikuwa amemchora anacheka nyuma ya cherehani, pengo wazi. Ulikuwa mchoro wa mwisho daftarini, na kati ya yote aliyowahi kuchora, huo ndio alioupenda. Maneno ya dada yalimchoma, akalifungua. Karatasi ilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi, na ilinuka mpira ulioungua. Pembeni, kwa wino mwekundu na mwandiko wa kuinama, palikuwa pameandikwa: *Kelele zimezidi. Mdomo ufungwe.*

Wewe na mimi tungetafuta mlango, au dirisha kama liko karibu zaidi. Lakini mtu aliyesahihishwa miaka kumi na mmoja hatazami nani ameandika, anatazama kinachotakiwa. Simu ikaita, mteja wa sabuni anataka povu zaidi, na wakati sikio likisikiliza povu, mkono ulichukua ufutio, ukakisugua kicheko mpaka karatasi ikawa nyeupe, ukachora midomo iliyofumbwa, na chini yake ukaandika: *Sawa, nimepokea.*

Siku ile dada hakusema neno. Bibi Sawa alidhani amenuniwa, na, Mungu amsamehe, akashukuru, maana ule ukimya ulimmalizia kurasa sita. Mchana dada akaja na chai, anainywa kwa mrija, midomo imeachana upana wa uzi. Akagonga meza. Akaonyesha mdomo wake.

"Jino?" Bibi Sawa aliuliza, macho kwenye kompyuta. "Pole, dada. Kesho tutakwenda hospitali. Leo nina povu."

Kesho ikaja na chengachenga zake. *Anatazama sana. Macho yafumbwe.* Sitasema hakujua kabisa. Kuna sehemu yake ilijua. Ila mkono ulikuwa mwepesi kutii kuliko kichwa kuamka, na alipoamka vizuri, neno *nimepokea* lilikuwa limeshakauka.

Ukutani cherehani ikaanza kunguruma, ikaendelea, haikupumzika kama inavyopumzika fundi anapogeuza kitambaa, na kadiri dakika zilivyopita ngurumo ile ilizidi kuwa kavu, mpaka Bibi Sawa akainuka, akausukuma mlango wa dada, akamkuta ameketi wima, macho yamefumbwa, midomo imefumbwa, miguu inakanyaga na kukanyaga, na chini ya sindano hakuna uzi wala kitambaa, ni mbao tu ya meza inatobolewa tundu juu ya tundu, huku vidole vya dada vikisogea taratibu kuifuata sindano.

Alivuta ile mikono, akaifunga kwa khanga, akakimbilia daftari. Palikuwa na agizo jipya. *Mwondoe. Kiti kibaki.* Ufutio ulikuwa umesogea hadi ukingoni, karibu na mkono wake.

Mganga aliyemwita alifika na mkoba begani na simu isiyoisha kuita. Alinusa mlangoni, akavua viatu.

"Haraka, mwanangu, nina wagonjwa wawili wananingoja. Ulikiapia nini chumba hiki?"

"Saa moja. Ya kuchora vyangu."

"Ukaiacha." Mganga alishusha sauti. "Saa ya kiapo mwenyewe asipoikalia, hukaliwa na kitu kingine. Kikakuandikia. Ulijibu?"

"Nilijibu."

"Ulijibuje?"

"Sawa."

Mganga alifumba macho, kama mtu aliyeambiwa bei. "Basi sasa kikatalie. Halafu ulichokifuta kwa mkono wako, kirudishe kwa mkono wako. Mimi nitashika mlango. Kuchora siwezi, hata mstari nikiupiga, unapotea njiani."

Mganga alianza dua. Bibi Sawa aliandika *Hapana*, herufi zimepinda kama za mtoto, na papo hapo nyuma ya kompyuta pakaanza sauti ya ufutio unaosugua, polepole, ukuta mzima, harufu ya mpira ikijaa chumbani. Alichora macho, hayo aliyajua. Alichora mdomo uliopanuka. Alifika kwenye pengo, penseli ikasimama.

"Kulia au kushoto?" alinong'ona.

"Unaniuliza mimi?" mganga akanong'ona pia. "Mimi nimemwona leo."

Alikimbia kwa dada, akajaribu kuitenga ile midomo kwa vidole, ikawa ngumu kama pindo lililoshonwa mara mbili, akafungua simu, kiganja, kiganja, kila picha kiganja, akafumba macho akitafuta kicheko alichokisikia kila siku kwa miezi minane bila kuinua uso kukitazama, na sauti ya ufutio ilikuwa imeshauvuka ukuta, imefika kwenye kiti cha dada.

Akachora kushoto.

Sauti ikakatika. Harufu ikaondoka. Mganga akavaa viatu, jasho likimtiririka, akaondoka bila kuaga. Upande wa pili dada akakohoa.

"Nani kanifunga khanga kama mzigo wa kuni?"

Bibi Sawa alilia na kucheka pamoja, na dada akacheka naye, kichwa nyuma, mdomo wote. Kisha ulimi wake ulitembea ndani ya shavu la kulia, ukarudi, ukatembea tena.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake. "Pengo langu nani kalihamisha?"

Bibi Sawa alirudi mezani. Chini ya mchoro, kwa wino mwekundu ambao haujakauka, palikuwa pameandikwa: *Sawa, nimepokea.*