Alama Kumi na Tano

Siku ya Jumamosi Muzdalifa hakuhitaji kuamshwa. Baada ya sala ya alfajiri alifagia uani, akajaza ndoo mbili za maji, akanywa chai kwa kipande cha mkate wa ufuta. Kisha alifungua mkoba wake na kukagua vifaa: bendeji sita, vitambaa vya kufungia mkono, doli la plastiki na kata ya kuchotea maji. Alipoona vyote vimo, aliutia mkoba begani.

"Mama, nnakwenda!"

"Haya, mwalimu," mama yake alijibu kwa kicheko. "Usichelewe kurudi."

Mama alikuwa akitania, lakini si sana. Muzdalifa alikuwa na umri wa miaka kumi na tatu, na kila Jumamosi aliwafundisha watoto wenzake wa Kiembe Samaki huduma ya kwanza. Alikuwa mkufunzi mdogo kuliko wote katika Mtandao wa Mikono Tayari, chama cha watu wanaojitolea kufundisha namna ya kumsaidia mtu aliyeumia kabla hajafikishwa hospitali. Chama hicho kilikuwa na wanachama katika nchi kumi na moja. Mkuu wake hapa Unguja alikuwa Bi Mwanamkasi, muuguzi mstaafu na shangazi yake Muzdalifa.

Wiki ile ilikuwa kubwa. Siku ya Alhamisi wajumbe wa nchi zote kumi na moja wangekutana katika ukumbi mmoja wa Mji Mkongwe ili kuandika vigezo vya pamoja vya wakufunzi. Mpaka wakati huo kila nchi ilikuwa na utaratibu wake. Kwengine mtu alikuwa mkufunzi baada ya mafunzo ya siku tano, kwengine baada ya asubuhi moja tu. Kwengine walifundisha kuwa mahali palipoungua pamwagiwe maji kwa dakika tano, kwengine dakika ishirini. Sasa walitaka cheti cha mtandao kiwe na maana moja kila mahali. Na mbele ya wajumbe hao Muzdalifa angepewa beji ya mkufunzi kijana, ya kwanza kabisa kutolewa.

"Nataka daftari la darasa lako leo hii," Bi Mwanamkasi alimwambia asubuhi ile mlangoni mwa skuli. "Wageni watalitazama. Kila mtoto awe amefanya mazoezi yote manne: kuzuia damu, kumsaidia aliyepaliwa, kumlaza ubavu aliyezimia, na kumhudumia aliyeungua. Ukishamwona amefanya, ndipo umtilie alama."

"Sawa, shangazi."

Bi Mwanamkasi alikwenda zake kuwapokea wageni bandarini. Muzdalifa aliingia darasani. Watoto walikuwa ishirini na wanne, na mazoezi matatu walikwishayamaliza wiki zilizopita. Lilibaki la mtu aliyeungua.

Alilionyesha vizuri, kama kawaida yake. Alivua bangili za doli, akaumwagia mkono wake maji kidogo kidogo kwa kata, akaufunika kwa kitambaa safi, akawaonya wasitie dawa ya meno. Lakini uwanja wa ndege uko karibu, na kila ndege iliposhuka ilimbidi anyamaze mpaka mngurumo upite. Watoto nao walikuwa na maswali mengi. Zamu za mazoezi zilipoanza, muda ulikuwa umekwenda sana. Mtoto wa tisa alikuwa anafunga kitambaa pale mlinzi alipogonga mlango. Chumba kilitakiwa na wengine.

Muzdalifa alibaki kibarazani na daftari mapajani. Majina tisa yalikuwa na alama ya vema. Kumi na tano yalikuwa matupu.

"Wote waliniona nikifanya," alijiambia. "Si kitu kigumu. Wanajua."

Akaanza kutia vema, moja baada ya moja, mpaka ukurasa ukajaa. Bi Mwanamkasi aliporudi alilifungua daftari, akatabasamu, akatia saini chini bila ya kuuliza neno. Siku ya Jumatatu watoto wote ishirini na wanne walipewa vyeti na beji ndogo za kijani.

Jumatano alasiri Muzdalifa alitumwa dukani. Njiani alipita nyumbani kwa Bi Riyama, mwanamke anayekaanga bajia za kunde mbele ya nyumba yake. Siku hiyo karai lilikuwa limefunikwa, na moto umezimwa. Alipiga hodi.

Bi Riyama alikuwa amekaa mkekani, mkono wake wa kulia umefungwa kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko.

"Shikamoo, Bi Riyama. Umefikwa na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Mafuta ya moto. Karai liliteleza jana magharibi."

Ummy, binti yake wa miaka kumi na moja, alikuwa amejikunyata pembeni, macho yamevimba kwa kulia. Beji ya kijani haikuwa tena kifuani pake.

"Mimi nlikimbilia bombani," Bi Riyama alieleza. "Huyu akanizuia. Akasema, 'Mama, usitie maji, mimi nimefundishwa.' Majirani walitaka kunisaidia, wakaiona beji yake, wakasema mwacheni mtoto, anajua. Basi akanipaka dawa ya meno. Usiku mkono ukavimba, bangili zikanibana hata vidole vikafa ganzi. Hospitali wamezikata kwa koleo. Daktari amesema lau ningetia maji mara moja nisingeumia hivi. Wiki tatu sitakaanga kitu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Muzdalifa zaidi. Alimgeukia Ummy.

"Lakini nliwaonyesha, Ummy. Maji, dakika ishirini."

"Dada Muzda, mimi nlikuwa nyuma," Ummy alisema kwa sauti ndogo. "Ndege ilipita, nkasikia 'maji', 'usitie' na 'dawa ya meno' tu, sikujua kipi kinakatazwa. Nliona unapaka kitu na kufunga. Na zamu yangu haikufika. Nlipopewa cheti nkadhani basi, kumbe najua."

Muzdalifa hakufika dukani. Alikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake, akamkuta barazani anapanga karatasi za mkutano.

"Shangazi."

"Naam."

Alitaka kuanza na ndege zilizopita, na chumba, na mlinzi. Aliona kuwa akianza huko hatafika. "Nimetia alama za uongo," alisema. "Watoto kumi na tano hawakufanya zoezi la kuungua. Ummy ni mmoja wao, na mama yake ameumia mkono."

Bi Mwanamkasi aliziweka karatasi chini. Alilichukua lile daftari na kuutazama ukurasa wa mwisho.

"Na hii hapa ni saini yangu," alisema polepole. "Niliona vema zimejipanga, nikafurahi. Sikumwita hata mtoto mmoja nimuulize. Kesho asubuhi nitakwenda kwa Bi Riyama kumwomba radhi kwa sehemu yangu. Na mkutanoni, je? Nikusemee, au utasema mwenyewe?"

Muzdalifa aliifikiria ile beji. Aliufikiria ukumbi uliojaa watu wazima.

"Ntasema mwenyewe," alijibu.

Ukumbi ulikuwa kwenye ghorofa ya juu, na madirisha yake yaliingiza sauti za wauzaji wa uchochoroni. Mwenyekiti alikuwa Bi Echati, mwanamke mrefu kutoka Ngazija, mwenye sauti ya upole lakini asiyependa maneno yazunguke. Vigezo vinne vya mwanzo vilipita bila ya taabu. Hata lile suala la maji lilikubaliwa: dakika ishirini, nchi zote. Ubishi ulikuja kwenye kigezo cha tano. Kilisema kuwa mkufunzi asimtilie mtu alama mpaka amemwona akifanya kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba kila mkufunzi atembelewe na mkufunzi mwengine mara moja kwa mwaka ili aangaliwe anavyofundisha.

Bwana Haroub, mjumbe wa Unguja mwenye miaka ishirini katika kazi hiyo, alisimama.

"Jamani, hawa ni watu wa kujitolea," alisema. "Hawalipwi hata nauli. Mtu anaacha shughuli zake aje kufundisha, halafu umwekee wa kumchungulia kama mwizi? Watatukimbia. Mimi nasema tuwaamini watu wetu."

Wengi walitikisa vichwa kumkubalia. Bi Echati aliuliza kama kuna mwengine mwenye la kusema. Muzdalifa aliinua mkono. Aliuinua juu kabisa.

"Mimi naitwa Muzdalifa, mkufunzi wa Kiembe Samaki," alisema. "Daftari langu liko pale mezani. Kwa zoezi la kuungua lina alama ishirini na nne. Za kweli ni tisa."

Alieleza yote: muda uliokwisha, kalamu yake, mkono wa Bi Riyama, na majirani waliomwachia mtoto kwa sababu ya beji.

"Bwana Haroub amesema tuaminiwe. Mimi niliaminiwa. Shangazi yangu aliniamini, Ummy aliniamini, na mama yake akamwamini Ummy. Lau mkufunzi mwengine angekuwa darasani siku ile, nisingethubutu. Tena ningemwomba anisaidie, kwa sababu watoto ishirini na wanne ni wengi kwa mtu mmoja. Naomba kigezo hicho kipite, na kiongezwe kuwa mkufunzi asipewe watu zaidi ya wanane kwa kipindi."

Akakaa. Bi Mwanamkasi naye alisimama, akasema kuwa saini ilikuwa yake na kosa ni la wawili.

Bwana Haroub alisimama tena. "Mtoto huyu amenishinda," alisema. "Nilidhani kumwangalia mtu ni kumdharau. Sikuwa nimemfikiria yule anayetegemea cheti kile siku ya ajali. Nakiunga mkono kigezo. Lakini anayekuja kuangalia aje pia kusaidia."

Kura zilipigwa kwa kuinua mikono, na nchi zote kumi na moja zikakubali, pamoja na lile la watu wanane. Kisha Bi Echati alimwita Muzdalifa mbele.

"Beji yako haitatolewa leo," alimwambia. "Vyeti vile kumi na tano navyo vinarudishwa. Utafundisha upya, na siku utakayokuwa tayari, mkufunzi kutoka kwengine atakuja kukuangalia, kama kigezo kinavyosema. Umekubali?"

"Nimekubali," Muzdalifa alijibu, na alishangaa kuona kuwa kifua chake kimekuwa chepesi.

Kuanzia Jumamosi iliyofuata aliwagawa watoto wake makundi mawili, wanane asubuhi na saba alasiri. Alipita nyumba kwa nyumba kuwaomba vyeti, na kwa kila mzazi alieleza sababu mwenyewe. Wazazi wawili walimfokea, na mmoja akamkataza mtoto wake kurudi, mpaka Bi Mwanamkasi alipokwenda kuzungumza naye. Ndege iliposhuka, Muzdalifa alisubiri ipite, kisha akarudia maneno yake tangu mwanzo na kumuuliza mtoto wa nyuma kabisa amesikia nini. Kuna mtoto aliyejaribu mara nne ndipo akafanya sawasawa. Alama yake aliipata mara ya nne.

Katika mwezi wa pili wa mafunzo hayo Bi Mwanakheir, mkufunzi kutoka Makunduchi, alikuja kumwangalia. Alikaa nyuma kwa nusu saa, kisha akakunja mikono ya baibui lake na kushika nusu ya watoto. Wa mwisho alikuwa Ummy. Alivua bangili, akamwaga maji bila ya haraka, akihesabu dakika kwa saa ya ukutani, akafunika kwa kitambaa safi. Alipoulizwa kuhusu dawa ya meno, alijibu kwa sauti iliyosikika hadi nje, "Haiguswi kabisa!" Darasa zima likacheka, naye akacheka. Bi Mwanakheir alitia saini yake kando ya jina la Muzdalifa, na beji ikatolewa hapo hapo, mbele ya watoto.

Bi Mwanamkasi, aliyekuwa amekuja kushuhudia, aliwanyamazisha watoto waliokuwa wakishangilia.

"Sikilizeni, wanangu," alisema. "Kazi ya kujitolea haina mshahara, lakini ina deni kwa yule atakayekutegemea siku amepatwa na shida. Hatakuuliza ulikuwa na haraka au chumba kilitakiwa. Kwa hiyo ukiandika kuwa mtu anajua, hakikisha umemwona akifanya. Na mkikosea, semeni kama alivyosema huyu, mapema na kwa mdomo wenu wenyewe, ili kosa lipate kurekebishwa kabla halijamuumiza mtu mwengine."