Wachukuzi wa Jeneza

Wachukuzi wanne walipandisha jeneza la Mzee Mntangi mlimani bila kulitikisa hata kidogo. Walikuwa roboti wa miguu miwili, warefu kama watu wazima. Kila mmoja alipokanyaga jiwe, vitambuzi vya nyayoni viliupima mteremko, kisawazishi cha kifuani kikapiga hesabu, na goti likajikunja kadiri ilivyotakiwa kabla jicho la mtu halijaliona jiwe lenyewe. Jua la saa nne lilikuwa kali. Wao hawakutoka jasho, hawakupokezana, wala hawakumtaja Mungu.

Nyuma yao walifuata watu tisa, na mmoja wao alikuwa Dakta Mbaruku, mtoto pekee wa marehemu na ndiye aliyewafundisha Wachukuzi kutembea.

Watu tisa kwa mtu aliyezika watu wa mtaa mzima ni aibu, na bora isemwe wazi. Mzee Mntangi alikuwa fundi cherehani pale Ngamiani, Tanga, na hakuwahi kusikia msiba akabaki ameinamia cherehani yake. Enzi hizo jeneza halikuwa na mwenyewe. Likitoka mlangoni tu, wanaume waligombea kulishika, huyu akimpokea yule baada ya hatua kumi, na hata aliyekuwa hasemi na marehemu alitia bega, ugomvi ukaishia hapo. Kisha bahari ikapanda mpaka makaburini, na makaburi yakahamishiwa mlimani, mwendo wa saa mbili kwenye njia ya mawe ambayo gari haliwezi kuipanda. Mabega yakaanza kulalamika.

Ndipo Mbaruku alipojifungia maabara miaka saba. Kutembea kwa miguu miwili, aliwaambia wanafunzi wake, ni kuanguka kunakozuiwa kila hatua, na roboti wake wa mwanzo walikuwa hodari wa kuanguka tu. Dawa aliyoipata aliiita kanuni ya ukaidi. Roboti aijue ardhi, aujue na mzigo wake. Chochote kingine kitakachomgusa, upepo, tawi au mkono wa mtu, akichukulie kuwa bughudha na kukifuta papo hapo. Kwa kanuni hiyo Mbaruku alivishwa nishani, na mtaa ukampigia makofi. Baba yake alipoletwa kuwatazama alisema tu, "Wanatembea vizuri. Lakini watamzikaje mtu wasiyemjua?" Mbaruku alicheka.

Baada ya hapo watu wakaanza kubaki majumbani, mmoja mmoja, wakituma rambirambi kwa simu. Kwani waende kufanya nini? Jeneza lilikwisha pata wenyewe.

Sasa, kwenye kona ya pili ya mlima, Mbaruku alishindwa kuvumilia. Alimsogelea Mzee Chande, rafiki wa baba yake tangu ujana.

"Baba Chande, nataka kumbeba baba."

"Mbebe, mwanangu. Nani wa kukukataza?"

Mbaruku aliingia chini ya mpini wa kulia wa jeneza, nyuma ya roboti wa mbele, akatia bega. Mpini ukainuka upana wa kidole. Akasimama juu ya ncha za vidole vya miguu, nao ukainuka tena vilevile, taratibu, bila roboti kugeuza hata shingo. Bega la mtoto wa marehemu lilikuwa bughudha, na lilikuwa linafutwa. Kuibadili kanuni kulitaka maabara na wiki nzima, na maiti haingoji.

"Simameni," aliamuru, na roboti wakasimama. Akawageukia watu. "Nikiwazima hawa, jeneza litakuwa letu. Nataka watu watatu tu."

Watu walitazama njia iliyobaki. Mmoja alijipapasa goti.

"Mwanangu," alisema Mzee Chande kwa upole, "mimi nina miaka sabini na minane. Na hawa wenzangu unaowaona, wengine hawajashika jeneza tangu wazaliwe. Tutamwangusha baba yako. Waachie waliozoea."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Mbaruku hakuambiwa.

"Endeleeni," aliwaambia roboti.

Lakini hakutoka pale chini. Alitembea ameinama mpaka kilele, mpini ukielea juu ya bega lake bila kuligusa. Alitaka jambo moja tu, kujua baba yake alikuwa mzito kiasi gani, walau kwa hatua kumi ambazo zamani hata adui alizipata bure.

Nyuma yake alimsikia Mzee Chande akiwaambia wenzake, "Mnamwona? Mtoto ndiye huyu. Amembeba baba yake mwenyewe mpaka kaburini. Mungu atamlipa."

"Amina," waliitikia.

Mbaruku alisikia, akazidi kukunja mgongo, kama mtu aliyelemewa.