Mchanga Ulioshika Barafu

Jumamosi asubuhi Taisto alitoka kuchukua gazeti. Mlangoni alikuwa wima. Getini alifika amekaa. Mteremko mzima wa mawe ulikuwa umefunikwa na barafu.

Mama yake, Bi Hilkka, alikuwa dirishani na kahawa yake. Alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Leo umefika haraka, mwanangu!"

"Cheka tu, Mama. Lakini wewe leo hutoki."

Kicheko kikakatika. Saa tisa alasiri kulikuwa na dansi ukumbini. Bi Hilkka hakuwa amecheza tangu avunjike mkono msimu uliopita, kwenye mteremko huohuo.

"Nimemwahidi mzee Urho dansi ya kwanza. Nisipofika, yule mwanamke Lempi atamnyakua!"

"Amnyakue. Mfupa utakaovunjika ni wako."

Bi Hilkka akarudisha viatu vyake vya dansi kabatini. Jambo lile lilimchoma Taisto kuliko maneno. Akaenda kwenye bafu la mvuke, akachota ndoo mbili za maji ya moto, akaimwagia barafu. Mvuke ukapanda. Muda si muda maji yakaganda, mteremko ukang'aa kama kioo. Akamwaga mchanga mkavu. Chembe zikabingirika hadi getini, kama zimeitwa huko.

"Jirani, unafungua uwanja wa kuteleza?"

Alikuwa Raija, jirani yao, dereva wa gari la halmashauri la kumwaga mchanga barabarani.

"Usinitanie, dada. Maji yamenisaliti, mchanga umenisaliti. Nijaribu chumvi?"

"Kwa baridi hii? Baridi ikiwa kali namna hii, chumvi haiyeyushi kitu. Lete mchanga, na maji ya moto."

"Maji tena? Si ndiyo yaliyoniletea balaa?"

"Uliyamwaga mengi, tena peke yake. Sasa tutayachanganya na mchanga. Mchanga mwingi, maji kidogo. Lakini kwanza kwangua theluji yote iliyobaki kingoni. Ukimwaga mchanga juu ya theluji laini, unaupoteza."

Taisto akakwangua mpaka jasho likamtoka. Raija akakoroga ndani ya ndoo mpaka mchanga ukawa kama uji mzito unaofuka moshi.

"Mwaga upesi, kabla haujapoa. Joto linayeyusha barafu kidogo tu. Chembe zinazama, kisha baridi inazibana hapo hapo."

"Baridi yenyewe inatufanyia kazi?"

"Bila mshahara!"

Wakamwaga, wakasubiri kidogo. Taisto akasugua kwa buti. Hakuna chembe iliyosogea. Mteremko ulikwaruza kama msasa.

"Theluji ikianguka tena, kwangua na umwage upya," Raija alisema. "Na mchanga wako uweke pakavu, ndani ya sanduku lenye kifuniko. Ukilowa utaganda, utahitaji shoka."

Mlango ukafunguka. Bi Hilkka alikuwa amevaa koti jekundu, viatu vya dansi kwenye mfuko, buti miguuni. Akashuka hatua kwa hatua. Katikati ya mteremko akasimama, akajizungusha mara moja. Taisto akafumba macho.

"Fumbua," Raija akasema. "Ameshafika getini."

Jioni Bi Hilkka alirudi mashavu yakiwa mekundu, akiimba.

"Lempi je?" Taisto akauliza.

"Hakufika. Kwao barafu imejaa mpaka mlangoni, ameogopa kutoka." Akavua buti, akafikiri kidogo. "Maskini. Kesho nenda ukamfundishe kuchanganya mchanga."

"Naweza kwenda sasa hivi, Mama. Hata saa moja haijafika."

"Nimesema kesho. Dansi haijaisha."

Akanywa maji, akavaa tena buti zake, akarudi ukumbini kwa Urho.