Aliyeitikia Bandani

Jirani yetu huyu alikuwa karani wa masjala, mwanamke wa kushinda na mafaili tangu asubuhi, na kuchomelea vyuma alijifunza kwa kupenda tu. Wengine hufuga kuku, wengine hufuma vitambaa. Yeye alijiandikisha kozi fupi ya Jumamosi sita kwenye karakana ya mzee mmoja aliyeitwa Mzee Cheche. Mumewe, fundi cherehani aliyeshonea palepale sebuleni, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mimi nashona vitambaa, mke wangu anashona vyuma. Basi hapa mtaani hakichaniki kitu."

"Cheka tu. Meza ya cherehani yako nitaitengeneza mimi," alijibu, na wala hakuwa anatania.

Karakanani walifanya kazi wawiliwawili. Mmoja anachomelea, mwenzake anashikilia vyuma visisogee. Kabla ya kuwasha, mchomeleaji hupaza sauti, "Macho!" ili watu wageuze nyuso, na hachomi mpaka anayeshikilia aseme, "Tayari." Mzee Cheche alikuwa mkali kwa hilo, hana masihara. Kufikia Jumamosi ya nne neno lilikuwa limemkaa karani mdomoni. Hata akiwasha jiko lilimtoka.

Kesho yake akaazima mashine ndogo, akaiweka kwenye banda nyuma ya nyumba. Alikuwa peke yake. Akavibana vyuma kwa jiriwa, akashusha kofia ya kuchomelea yenye kioo cheusi, na kwa mazoea tu akasema, "Macho!"

"Tayari," sauti ikaitikia.

Alidhani mumewe kaja kumchungulia. Kwenye kioo kile huoni kitu mpaka cheche iwake, kwa hiyo akawasha. Katika ule mwanga akaona mikono miwili imekishika chuma kwa upande wa pili. Akatabasamu moyoni, kumbe bwana huyu anacheka mbele za watu tu. Alipoinua kofia hapakuwa na mtu. Sebuleni cherehani ilikuwa inakwenda mbio, wala haikuwa imesimama.

Akajiambia ni macho yamechoka. Lakini kile kiungo, pale vyuma viliposhikana, kilikuwa kimenyooka, hakina hata kipele, tofauti kabisa na vyake vya karakanani vilivyojaa manundu. Hapo ndipo aliponaswa. Jumatatu akitoka kazini akachomelea tena, na Jumanne pia, na kila alipoita aliitikiwa. Hofu alikuwa nayo, asidanganye mtu. Hamu ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi.

Jumatano mumewe akaamka na malengelenge viganjani. Wakasingizia pasi. Alhamisi yakapasuka, naye karani akamfunga kidole gumba cha kushoto kwa kipande cha kitambaa cha kijani, maana ndicho kilichoumia zaidi. Alasiri ile aliporudi kutoka kazini akaingia bandani kufunga mguu wa tatu wa meza.

"Macho."

"Tayari."

Akawasha. Mikono ileile. Kidole gumba cha kushoto kina kitambaa cha kijani. Kitambaa kinaungua. Mkono hautetemeki. Sebuleni mumewe akapiga ukelele.

Ijumaa hakwenda ofisini. Alimwacha mumewe amefungwa bandeji mikono yote miwili, akaenda mbio kwa Mzee Cheche, ng'ambo ya pili ya mji. Mzee alimsikiliza bila kuinua kichwa.

"Ulikuwa peke yako," alisema kwa sauti ya chini. "Na ukaita."

"Mbona hukutuambia, Mzee?"

"Ningewaambia, nani angebaki kwenye kozi?" Akafuta mikono yake kwenye aproni, polepole. "Hicho kinachoitikia hakina mikono. Huazima ya mtu wa karibu. Vimebaki viungo vingapi?"

"Kimoja. Mguu wa mwisho."

"Nenda ukaikate meza yote. Kiungo hicho kikifungwa, mikono hairudi."

Akampa msumeno wa chuma. Karani alirudi akikimbia, viatu mkononi, watu wakimshangaa njiani. Aliomba jambo moja tu, mikono ile ipone. Ndiyo iliyokuwa kazi ya mumewe na furaha yake, hakujua nyingine.

Alimkuta amekaa kitini, ametulia.

"Umemaliza?" mumewe akauliza.

"Nimemaliza nini?"

"Meza. Nimekusikia bandani unaita 'Macho.' Umeita mara tatu, nikaona unanichokoza." Akacheka kidogo. "Nikakuitikia. Nikasema tayari."

Karani akapiga magoti mbele ya kiti.

"Na maumivu yamekwisha, mke wangu. Yamekwisha kabisa."

Akamfungua bandeji. Ngozi imepona. Haina kidonda, haina kovu. Haina mstari hata mmoja. Viganja vyote viwili vilikuwa laini kama sahani. Akachukua sindano, akamwekea kati ya vidole. Ikaanguka. Akamwekea tena. Ikaanguka.

"Siisikii," mumewe akanong'ona, akiitazama pale sakafuni. Kisha akalia, na karani akalia naye, kwa kuwa alijua nani aliyeita mwanzo.

Baadaye akaenda bandani. Waya wa mashine ulikuwa umekunjwa vilevile alivyouacha. Meza imesimama kwa miguu minne. Kwenye kiungo cha mwisho chuma kilikuwa kimebonyea mahali kumi, kama unga uliokandwa, na ndani ya kila kishimo ilionekana mistari ya kidole cha mtu. Alivijua vidole vile vyote. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amevishika.

Chuma kilikuwa baridi. Vile vishimo tu ndivyo vilivyokuwa na vuguvugu. Akaingiza vidole vyake humo, taratibu, navyo vikamminya, jinsi mumewe alivyozoea kumminya.