Sehemu ya Pili ya Wesley

Ujumbe ulimkuta Norman garini, pale mtaani Batha, akimngoja bosi wake atoke kwa fundi wa saa. Ulitoka kwenye lile duka la michezo la mtandaoni ambako yeyote mwenye gemu lake hulipandisha bila kuomba ruhusa, ukimshukuru kwa kupandisha sehemu ya pili. Norman aliusoma mara mbili. Hakuwa amepandisha chochote. Na Wesley, rafiki yake na mtu mwingine pekee aliyejua nywila yao, alikuwa na miezi minne kaburini, kwao Vihiga.

Gemu lao lilikuwa dogo. Mwanamume mwenye sanduku anatoka ughaibuni, anavuka jangwa na mito, anafika kwake, anabisha mlangoni: "Hodi." Hapo linaisha. Norman aliliunda kwa kompyuta kuukuu. Wesley alichora na kutia sauti. Walitarajia wachezaji kumi. Walikuja maelfu, na wote wakauliza swali moja: nani alifungua mlango? Wesley akawaahidi sehemu ya pili. Alikuwa mlinzi wa jumba kongwe la mawe ya matumbawe huko Balad, Jeddah, lililokuwa tupu likingoja ukarabati, na kila adhuhuri, mtaa ukitulia kwa joto, alipanda orofa ya juu kurekodi sauti. Huko ndiko walikomkuta ameketi, simu mkononi, moyo umesimama.

Norman aliifungua ile sehemu ya pili. Sasa mchezaji alikuwa ndani, katika chumba chenye madirisha ya mbao ya kuchonga, na mtu alikuwa anabisha nje.

"Hodi," ikasema sauti ya Wesley.

Gari likajaa harufu ya chokaa mbichi na udi. Norman akalifuta gemu dukani papo hapo. Kesho yake likawa limerudi, na wachezaji walikuwa wakilisifu. Ndilo hasa tulilolingoja, waliandika.

Huenda angenyamaza, lakini Mwanaesha alimpigia simu. Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka Lamu, mpishi wa nyumba moja huko Aziziya, Jeddah, alikofanya kazi pia Lorine, mjane wa Wesley. Lorine hakumzika mumewe. Kafili, mwajiri aliyemdhamini, hakumpa ruhusa ya kusafiri. Sasa, alisema Mwanaesha, ilikuwa wiki ya pili Lorine hali chakula. Kila adhuhuri, wenye nyumba wakijilaza, huketi sakafuni kwenye chumba cha kufulia, simu yenye lile gemu sikioni, akiitikia karibu, karibu.

"Jana ameniambia mumewe amefika kwenye ngazi," akasema Mwanaesha kwa sauti ya chini. "Nami nikasikia ngazi zikilia."

Norman aliomba ruhusa ya siku mbili, akapanda basi la kwenda Jeddah. Alipomwona Lorine hakumtambua mara moja. Mashavu yalikuwa yamebonyea, na leso yake ilinuka chokaa. Mwanaesha aliwaeleza alivyofundishwa na bibi yake: jini la jumba tupu hujifunza sauti ya anayezungumza humo peke yake, na kila karibu hulivuta hatua moja, lakini haliwezi kumwingia mtu mpaka alikaribishe likiwa mlangoni. Na hodi ni tatu. Isipoitikiwa hata moja, humo humo jumbani mwake, mbishaji hurudi alikotoka.

Ijumaa hiyo, siku yao ya mapumziko, walikwenda Balad baada ya swala. Mlinzi mpya aliwafungulia jumba, akabaki nje. Orofa ya juu Mwanaesha alifunga mlango, akawasha udi, akaanza kusoma aya kwa mnong'ono, na Lorine akaketi mahali pale pale alipoketi mumewe.

"Usijibu, mwanangu," Mwanaesha akamwambia. "Hata akikuita vipi."

Hawakungoja sana. Simu ilikuwa imezimwa, lakini sauti haikutoka kwenye simu, ilitoka nyuma ya mlango. Hodi ya kwanza ilikuwa ya kwenye gemu, changamfu, ya mtu aliyechoka kwa safari na kufurahi kufika. Hodi ya pili ilikuja karibu zaidi, na chini ya mlango kukaonekana vivuli viwili kama vya miguu, na harufu ya chokaa ikajaa chumbani, na mbao za madirisha zikaanza kutikisika moja baada ya nyingine ilhali nje hapakuwa na upepo, na Lorine akainuka nusu, kinywa wazi, Norman akamshika mkono akauona baridi kama wa maiti.

"Lorine," ikasema sauti. "Mimi ndiye. Huku ni giza. Hodi."

Lorine akajitia leso kinywani, akaiuma. Machozi yalimtiririka mpaka shingoni. Hakujibu.

Vile vivuli vilisimama kitambo. Kisha vikaondoka, pole pole, na ngazi zikasikika zikishuka moja moja mpaka chini.

Norman akalifuta gemu tena, na mara hii halikurudi dukani. Wachezaji walilalamika, wengine wakatukana. Norman akawaandikia kwamba sehemu ya pili haitakuwapo kamwe.

Lakini jioni ya Ijumaa ile, kwenye teksi, Lorine alikula mkate wote aliopewa na Mwanaesha. Kisha akamgeukia Norman.

"Shemeji," akasema, "na kama alikuwa yeye?"

Norman akampa chupa ya maji. Miaka mitatu alikuwa ameikata na kuiunga sauti ya Wesley neno kwa neno, na hodi ile ya tatu hakuwahi kuisikia kwenye rekodi yoyote. Ilikuwa imekwaruzika, kama ya mtu aliyelia njia nzima.