Nilimwonyesha kwa Kidole Changu

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na mmoja, mjane, mama wa watoto wanne. Kazi yangu ni kujenga nyumba za mbao huku Masisi, mashariki ya Kongo. Nilifundishwa na marehemu mume wangu. Yeye alipima, mimi nikakata, mpaka nikawa ninapima mwenyewe. Alipofariki, wafanyakazi wake sita walibaki nami. Mbao zilitoka kwetu Kibua, wateja walitoka hadi Rubaya. Tuliishi...

Bahati, mdogo wake mume wangu, alikuwa anakuja kazini kukaa tu, shati safi, viatu safi.

Siku moja walikuja watu wawili wa Leta, yaani serikali, na karatasi za maswali. Waliandika kila anayejenga: ana wafanyakazi wangapi, amejenga nyumba ngapi, ana mashine gani. Walisema si kodi, ni takwimu tu. Mimi nilikuwa juu ya paa, misumari mdomoni. Mmoja akamtafuta mwenye kazi:

"Mama, patron iko wapi?"

Jamani, kwa nini sikusema ni mimi? Niliona haya. Kwetu, mbele ya Leta, anasema mwanaume. Niliogopa pia kwamba wakisikia ni mjane, watarudi kunisumbua. Nikatoa misumari, nikamwonyesha Bahati kwa kidole, kwamba mkubwa ndiye yule.

"Patron njo ule."

Nikashuka, na majibu yote nilimnong'oneza mimi, maana Bahati hakujua hata idadi ya wafanyakazi! Akasaini, akapewa nakala yenye muhuri, akaitia mfukoni. Walipoondoka tulicheka.

Miezi ikapita. Ikatangazwa kwamba shule itajengwa, na mjenzi atachaguliwa kati ya walioandikwa. Nilipanda kilima itakapojengwa, nikapima kiwanja chote, nikapeleka vipimo ofisini. Karani akaniambia kwa upole kwamba mwenye kampuni yetu, Bahati, ameshakuja asubuhi, na nakala yake mkononi. Nikasema kampuni ni yangu. Akauliza nani basi aliyemtaja yule. Ni mimi!

Familia ya mume wangu ikakaa kikao. Wakasoma karatasi, wakasema Leta yenyewe imeandika. Bahati akapewa kazi ya shule, akachukua mashine ya kupasulia mbao, na wafanyakazi wakaifuata kazi. Sikulia. Mpaka leo sijalia, na hilo linanitisha.

Watoto walipokosa chakula nilikwenda kumwomba kazi. Akanipa. Ninapiga misumari kwenye shule hiyo hiyo.

Mwezi uliopita watu wa karatasi walirudi. Yule wa kwanza alinikumbuka, akaniuliza mimi ni nani hapa. Nilifungua mdomo... Bahati akanitangulia.

"Ule? Andika musaidizi."

Akaandika. Nikachukua msumari mwingine.

Wapendwa, hasa ninyi wanawake mnaofanya kazi kwa mikono yenu, msipite nilipopita. Wakija kuuliza mwenye kazi ni nani, temeni misumari, mseme jina lenu. Mimi naitwa Zawadi, na shule ile nimeipima mimi.